Wakandaji wa "kifurushi cha mzazi": hela mnajua kudai, kuuliza hamjui

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Uzi huu ni wa hawa wanaojiita wataalamu wa kukanda wazazi, wanaozunguka majumbani na begi la mafuta na picha zao nzuri mtandaoni. Ukiwatumia ujumbe, jibu la kwanza ni namba ya kulipia advansi. Huyo mzazi kajifunguaje, ana presha, ana mshono? Hilo halimhusu mtu.

Mdogo wangu kajifungua kwa upasuaji. Akiwa bado ndani ya arobaini, mguu wa kushoto ukaanza kuvimba, kigimbi kinauma na kina joto, wa kulia mzima kabisa. Mama wa kifurushi (80,000 kwa wiki, mafuta juu yetu) akaushika, akatikisa kichwa kama daktari bingwa, akasema: "Damu imeganda hapa, nitaivunjavunja."

Na kweli alipatia! Hicho ndicho kinachoniuma. Ugonjwa kautaja mwenyewe, kisha akakunja mikono aufanyie kitu kile kile kisichotakiwa kufanywa.

Damu ya mjamzito huganda upesi kuliko kawaida, mwili unajihami usivuje sana siku ya kujifungua. Ukishazaa hali hiyo haiondoki kesho yake. Wiki 6 za mwanzo ni za hatari, na aliyepasuliwa yuko hatarini kuliko aliyezaa kawaida. Bonge likiwa kwenye mshipa wa mguu, ukilichua linaweza kumeguka likaenda na damu mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anakata pumzi mbele yako na chupa ya mafuta unayo mkononi. Mzazi akivimba mguu mmoja ni hospitali moja kwa moja, hakuna cha nyonyo wala cha nazi. Sisi tulimwahisha, kipimo cha ultrasound kikaonyesha bonge, na mpaka leo yuko kwenye sindano za kuzuia damu isigande. Nikampigia yule mama kumweleza. "Dada, mbona wateja wangu wengine hawalalamiki?" Akakata simu.

Sasa msinijie na hoja kwamba nadharau mila. Mimi wa Tanga, nimekandwa, nimefungwa tumbo kwa kanga, na uji wa pilipili manga nimekunywa hadi nikauchukia. Lakini bibi aliyenikanda mimi, kabla hajavua hata ushungi, aliuliza. Umeshonwa? Presha ilipanda? Damu inatokaje, ina harufu? Kichwa kinauma? Maji aliyapima kwa kiwiko chake kwanza. Jirani yetu aliyepasuliwa alimkanda mabega na mgongo tu, tumbo hakulisogelea. Hakuwa na cheti wala ukurasa wa Instagram.

Hawa wa siku hizi maji yanafuka moshi, mzazi akilia anaambiwa avumilie, "damu chafu inatoka". Damu chafu gani? Mji wa mimba unajikaza wenyewe na ndani ya wiki 6 hivi unakuwa umerudi ukubwa wake. Mtoto akinyonya unakaza zaidi, ndiyo maana tumbo linasokota ukiwa unanyonyesha. Najua mtasema mbona manesi nao wanakanda tumbo. Ndiyo, kule kule leba, kondo likishatoka, kwa sababu mji wa mimba ukilegea mama anaweza kuvuja damu mpaka afe. Hilo lina uhusiano gani na wewe kuukandamiza mshono wa watu sebuleni?

Wajawazito nao hawajapona. Kuna wanaojitangaza "kugeuza mtoto aliyekaa vibaya". Hospitali wapo wanaogeuza, ila mimba ikiwa imefika kama wiki 37, wakiwa wameshapiga picha kuona kondo liko wapi, wanasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kiko karibu, maana kondo linaweza kubanduka. Wewe una nini karibu? Beseni? Halafu miguu yote ikivimba na uso nao, mnachua tu mnasema ni uchovu, kumbe mtu presha iko juu na kifafa cha mimba kinamnyemelea.

Kwa kichanga ndiyo niliishiwa maneno. Mtoto chuchu zimevimba kidogo, yule mama akaanza kumkamua, eti maziwa yakiachwa yataoza. Ni homoni za mama yake, zinaisha zenyewe, wawe wa kike au wa kiume. Ukimkamua ndiyo unamtafutia jipu. Akamwinua kwa mkono mmoja "kumnyoosha", shingo yenyewe haijakaza! Kumpaka mtoto mafuta kwa kiganja laini sina shida nako, wa kwangu alikuwa analala fofofo. Kumning'iniza kama kuku wa mnadani nina shida nako sana.

Na nyie wa hospitali msicheke. Siku ya kuruhusiwa mdogo wangu aliambiwa neno moja, "usikandwe", basi, karatasi, kwaheri. Mama mkwe yuko nyumbani keshabandika maji jikoni, mnadhani nani atashinda? Semeni mabega na mgongo ruksa, mshono na tumbo acheni, mguu mmoja ukivimba au kifua kikibana rudini hata kama ni usiku. Dakika mbili tu.

Jina la huyo mama siweki hapa, mods msihangaike. Advansi hajarudisha na namba yangu kaiblock. Mwenye kumfahamu mkunga mstaafu anayekanda na anayeuliza kabla ya kushika mtu, maeneo ya Mbagala au Kigamboni, aniwekee hapa chini, wifi yangu anakaribia. Wa vifurushi msinifuate inbox.