Tupeane uzoefu: kilimo chako kimeifanya nini ardhi na maji yako?

Wakuu, naanza mimi. Nalima mpunga Mbarali, ekari tatu, mwisho kabisa wa mfereji. Wazee wa huku wanakumbuka mto Ruaha Mkuu ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993, kiangazi kikikolea, unakatika kule Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya tope. Na maji hayo ndiyo yanayoteremka hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu kuzalisha umeme.

Miaka yote nililaumu ng'ombe waliochungwa Ihefu, ardhi oevu ya huku. Msimu mmoja zamu yangu ya maji ikapita mfereji ukiwa mkavu. Nikaufuata kwa miguu hadi karibu na banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Njiani nikakuta majaruba (vipande vya shamba la mpunga) yaliyokwisha kuvunwa yamejaa maji pomoni, hakuna hata shina la mpunga. Nikapandwa na hasira, halafu nikanyamaza, maana hata mimi nikivuna huwa sizibi mlango wa maji.

Sasa nalima shadidi: mche wa siku kumi hivi, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, jaruba nalilowesha na kuliacha likauke hadi lianze kupasuka ndipo nifungulie tena. Maji yanapungua sana. Afisa ugani alitueleza pia kwamba tope lililofunikwa na maji muda mrefu hukosa hewa, vijidudu vyake vikatoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Kumbe kulikausha jaruba kunasaidia hata huko. Haya, nanyi leteni yenu.

Mchangiaji wa Mbinga:
Kwetu milimani kuna ngoro. Baba alikata nyasi akazipanga miraba miraba, mama akachimba katikati na kuzifukia kwa udongo. Linabaki shimo, kuta zake ndiyo tuta. Mvua inatuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo, nyasi zinaozea ndani. Maharage kwanza, mahindi msimu unaofuata. Mimi niliona kazi nyingi, nikalima matuta ya kushuka na mteremko. Masika ya pili udongo mweusi wote ulikuwa bondeni kwa jirani, nimebaki na wekundu. Nimerudi kwenye ngoro, ila ukweli usemwe: mzigo mkubwa wa kuchimba unawaangukia kina mama.

Mchangiaji wa Mbozi:
Mimi ni mbolea. Zaidi ya miaka kumi nilikuzia mahindi kwa SA tu (salfeti ya amonia), na mabua yote nilikuwa nayachoma. Mavuno yakashuka, nikaongeza mifuko, yakashuka tena. Nilipopima udongo, pH 4.7, tindikali tupu. Nimeweka chokaa ya kilimo, mabua nayaacha shambani. Msimu wa kwanza sikuona kitu, wa pili mahindi yalirudi kijani.

Mchangiaji wa Kondoa:
Ng'ombe wa babu waliondolewa 1979 na HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, pamoja na wa wenzake wote. Alilia. Makorongo niliyokuwa nachezea utotoni leo yana miti.

Mchangiaji wa Mbozi:
Mkuu wa Mbarali, jaruba likikauka magugu unayafanyaje?

Mwanzisha mada:
Hapo ndipo penye jasho. Palizi tatu, mashine ya kusukuma kwa mkono, ya kwanza siku kumi baada ya kupandikiza. Ukichelewa wiki moja yanakushinda. Na ukivuna, ziba mlango wa maji. Mimi sasa naziba siku ileile.