Mrejesho: usingizi umeanza kurudi

Wapendwa, niliuliza hapa nifanyeje, maana kichwa kilikuwa hakitulii usiku hata nikiwa hoi. Mkaniambia niende msituni, simu ibaki nyumbani. Sasa Jumamosi asubuhi huwa niko Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno, masalia ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo. Nakaa tu kwenye gogo. Mwanzoni mawazo hupiga kelele, halafu mbega wanaruka huko juu, mikia myeupe inaning'inia, umande unanidondokea shingoni, na pumzi inashuka yenyewe. Usingizi unakuja, si kila siku, lakini unakuja. Dada uliyesema nikae badala ya kutembea, Mungu akubariki. Mnaokwenda mara ya kwanza, chukueni mwongozaji. Vijia vinafanana mno.