Ridi za kaboni kwenye Enduro 40: zinasaidia au ndo napigwa?

mtu_wa_kayenze
Wakuu habari za jioni. Nina boti ya abiria na mizigo, napiga ruti Kayenze na visiwani huku Ziwa Victoria, mashine ni Yamaha Enduro 40 tustroki ya silinda 2. Zamani ilikuwa inaenda fresh ila mwezi wa tatu sasa kuiwasha asubuhi ni kuvuta kamba mpaka bega linauma, sailensa (mzunguko wa chini bila kuvuta mafuta) haishiki, na nikifungua kava nakuta mdomo wa kabureta umelowa mafuta chapachapa. Duka moja la spea mjini wananiambia nitupe ridi za chuma (vile vibati vyembamba vya kupitishia mchanganyiko kutoka kabureta) niweke za kaboni, eti nitawaacha wenzangu wote njiani. Bei yake sasa, ni kama nanunua ndama. Kuna mtu humu amefunga?

fundi_mwaloni
Ndugu yangu weka hela mfukoni kwanza. Pistoni ikipanda, chumba cha krenki kinavuta, ridi zinafunguka mchanganyiko wa hewa na mafuta unaingia. Ikishuka, ridi zinatakiwa zijifunge pale pale ili mchanganyiko usukumwe kwenda juu ya silinda. Kabureta yako inalowa kwa sababu hazifungi, mashine inatema ilichokula. Kwa hiyo hapo unafungua unaangalia, hayo mambo ya kaboni baadaye.
Kaboni ni nzuri sikatai, ni nyepesi inawahi kurudi, lakini raha yake iko kwenye mashine inayozunguka sana. Pikipiki ya mashindano YZ125 inapita mizunguko 10,000 kwa dakika, huko ridi laini inaanza kupapatika haifungi kwa wakati. Enduro 40 mwisho wake ni 5,500. Utalipia spidi ambayo mashine haina.

dt_ya_mzee
Fundi kaongea. Mimi wa pikipiki, DT125, niliwahi kuweka faibaglasi nene nikidhani unene ndo nguvu, kumbe ukizidisha unene mara mbili ugumu unakuwa mara nane, ule mvuto mdogo wa sailensa hauwezi kuzifungua. Mizunguko ya juu ilikuwa inalia vizuri kweli, ila mizunguko ya chini imekufa kabisa, kupanda mlima wa Bugando nilikuwa nashuka nasukuma huku madogo wa bodaboda wananicheka 😂 Nikarudisha nyembamba nikapona.
Ila faibaglasi na kaboni zina kitu kimoja chuma hakina, zikichoka zinaanza kunyofoka nyuzinyuzi pembeni, hata kipande kikimezwa madhara yake mara nyingi ni madogo. Chuma kikikatika kinaingia ndani kikiwa chuma.

fundi_mwaloni
Hapo sawa kabisa. @mtu_wa_kayenze ukitoa bloku inayoshika ridi usikimbilie kugusagusa, ioshe na petroli, ikauke, iinue imulike kwa nyuma na tochi ya simu. Mwanga ukipita kama unywele siyo shida sana, mimi nikipima pengo likazidi 0.2 mm natupa. Usigeuze ridi upande wa pili kuificha ile pinda, wengi wanafanya na inakatika mapema. Na zile stopa za juu usizikunje ili zifunguke zaidi, zimewekwa pale ridi isipinde kupita kiasi. Skrubu utie loktaiti (gundi ya kuzuia zisilegee), ikifunguka moja inaenda kulekule. Halafu chunguza madumu yako ya mafuta, ziwa letu halina chumvi lakini maji kwenye petroli yanakula chuma vilevile.

mtu_wa_kayenze
Wabeja sana wakuu. Nimefungua leo hapa mwaloni, watu wamenizunguka kama nauza sangara. Ridi za silinda ya chini safi. Za juu, mbili zimeinuka naona mwanga, na ya tatu imemeguka kona, kama ukucha wa kidole kidogo hivi. Kuna jamaa ana seti ya chuma orijino, nafunga jioni hii maana kesho nina mzigo wa dagaa.

dt_ya_mzee
Hicho kipande cha kona umekiona?

mtu_wa_kayenze
Hapana, nimepapasa kwenye bloku hakipo.

fundi_mwaloni
Basi usivute hiyo kamba hata mara moja. Toa hedi (kifuniko) ya silinda ya juu uangalie kuta na kichwa cha pistoni, na huko kwenye krenki upitishe sumaku. Mzigo wa kesho mpe mwenzio.

mtu_wa_kayenze
Nimeshavuta mara mbili kabla sijafungua bloku, mkuu. Natoa hedi sasa hivi.