Daktari wa nne anakuja kituoni kwetu mwezi ujao, tumfanyie nini asiondoke?

Mkulima_Milimani

Kamwene ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mkulima wa viazi na pareto, mjumbe wa kamati ya kituo cha afya cha kata yetu huku safu za milima ya Livingstone, kusini mwa Tanzania. Kata sitaitaja, maana nitakayoyasema yanawagusa watu ambao bado tunafanya nao kazi. Tangu zahanati yetu ipandishwe hadhi kuwa kituo cha afya tumeletewa madaktari watatu. Wa kwanza alikaa miezi 7. Wa pili aliripoti, akalala gesti siku 4, akaaga kwamba anafuata mizigo. Hadi leo. Wa tatu alikaa mwaka na nusu, na huyu ndiye anayeniuma.

Kijana alikuwa ametulia. Alijifunza kutusalimia kwa lugha yetu, akaizoea baridi ya Juni, ile unayoamka ukakuta nyasi nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Nyumba tuliyompa ni ile ya tangu enzi za zahanati, dari limeoza upande wa chumbani. Masika alikuwa ameweka ndoo mbili juu ya kabati na kitanda amekivuta hadi karibu na mlango. Niliingia mwenyewe nikaona. Tukamwambia tutarekebisha likija fungu. Fungu halikuja na sisi hatukuhangaika tena. Kosa hilo ni letu.

Usiku mmoja wa mwezi wa tatu akaletwa mama, mtoto amekaa vibaya tumboni, uchungu siku ya pili. Jengo la upasuaji tunalo, jipya, vigae vinang'aa. Lakini kitanda cha upasuaji kilikuwa bado kwenye maboksi, mtaalamu wa dawa za usingizi hatuna, jokofu la damu hatuna. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka na mgonjwa mwingine. Tukakodi Noah. Daktari akapanda nyuma na yule mama, chupa ya dripu ameinyanyua kwa mkono, wakateremka kwenye tope saa 5 nzima. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Alirudi kesho yake jioni. Nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa, viatu vimeganda tope, hata kuingia ndani hajaingia. Akaniambia, "Mzee, upasuaji huu ninaujua. Nimeufanya mara nyingi nikiwa mafunzoni. Jana nimekaa kwenye gari nasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto mpaka yakanyamaza." Miezi 3 baadaye akaomba uhamisho, akapata.

Sasa tumeambiwa mwingine anakuja mwezi ujao. Mkutano wa kijiji umeazimia kila kaya itoe debe 2 za viazi kila msimu, viuzwe, daktari apewe posho ya shilingi 200,000 kwa mwezi juu ya mshahara wake. Watu wana moyo kweli. Mimi roho inasita, ila sina hoja ya kuwaambia. Wenye uzoefu naombeni ushauri.

Daktari_wa_Ziwani

Shikamoo mzee wangu, na poleni sana kwa yule mtoto.

Mimi ni daktari. Nilifanya kazi kituo cha afya kando ya Ziwa Nyasa kwa miaka 4, kisha nikaondoka, kwa hiyo nitakueleza yote mawili, kilichonikalisha na kilichonitoa.

Posho hiyo msiianzishe. Siyo kwamba hela haisaidii, inasaidia sana. Ila bei ya viazi unaijua kuliko mimi. Mwaka wa kwanza mtatoa, wa pili nusu ya kaya zitatoa, wa tatu bei ikianguka shambani daktari atakuwa anawadai na ninyi mnamkwepa njiani. Mkifika hapo, nia njema imeshageuka kuwa ugomvi.

Mimi nilikaa miaka 4 kwa sababu nilikuwa na wenzangu. Alikuwepo daktari msaidizi, mmoja wa wale waliosoma utabibu kisha wakaongeza miaka 2. Ana mvi, amefanya upasuaji wa uzazi vijijini tangu mimi nipo shule ya msingi. Na muuguzi aliyesomea dawa za usingizi. Usiku nikipata mama kama huyo wenu, tunakuwa watatu. Mikono ikinitetemeka yule mzee anasema, "Endelea mwanangu, nipo." Sijawahi kulipwa posho yenye thamani ya neno lile.

Kisha mzee akastaafu na hakuletwa mwingine. Nikabaki peke yangu, saa 24, siku 7. Shangazi aliyenilea akafariki, nikaenda kuzika, siku ya pili nikapigiwa simu nirudi kwa sababu hakuna wa kunishikia zamu. Likizo nikawa naiona kwenye karatasi tu. Mume wangu alikuwa anafanya kazi Dodoma, mtoto akafika umri wa kuanza shule, na kwa simu akawa ananiita kwa jina badala ya mama. Hapo nikaandika barua.

Kwa hiyo hizo debe za viazi zitumieni kwenye nyumba. Dari, tangi la maji, taa za sola zinazofika mpaka chooni. Kazi hiyo inafanyika mara moja na inabaki, hata daktari akibadilika. Halafu mpigieni simu kabla hajafika. Muulizeni ana mwenza, na anafanya kazi gani. Akiwa mwalimu au muuguzi, kamati na serikali ya kijiji mwandike barua kwa mkurugenzi mwenza ahamishiwe kata yenu, msisubiri daktari ahangaike mwenyewe. Na hicho kitanda kilichoko kwenye maboksi kifunguliwe. Daktari anayefika akakuta jengo zuri lisilofanya kazi anaanza kuhesabu siku jioni ileile.

Muuguzi_Kivukoni

Mzee, samahani, nina swali moja. Muuguzi wenu ana miaka mingapi hapo?

Mkulima_Milimani

Ana miaka 11, mwanangu. Mzaliwa wa kata jirani.

Muuguzi_Kivukoni

Basi huyo ndiye aliyezalisha nusu ya watoto wa kata yenu, na sijaona mahali mkutano umemtaja. Mimi nina miaka 16 vijijini, Rungwe kwanza kisha Ileje. Madaktari 6 wamepita mbele yangu. Kila mmoja akija kunakuwa na mbuzi na ngoma, nami ndiye ninayemwonyesha kabati la dawa lilipo. Mkimpa mgeni 200,000 wakati yeye hamjawahi hata kumuuliza anaishije, mtakuwa mmemfundisha kwamba kubaki hakuna maana. Mkimpoteza huyo, hata daktari aje na moyo wa chuma hatafika mwaka.

Pendekezo langu: ombeni halmashauri impeleke huyo kusomea dawa za usingizi. Ana kwao hapo, ana shamba, atarudi.

Mwana_Mafinga

Mimi naona tunawabembeleza mno. Serikali imewakopesha, imewasomesha miaka 5. Asaini mkataba wa kukaa kijijini miaka 5, akiondoka alipe. Walimu wanakaa porini, wao ni nani?

Mwalimu_wa_Afya

Ndugu yangu wa Mafinga, uchungu wako naupata. Mimi nafundisha wanafunzi wa afya, Mbeya, na suala hili nimelifuatilia kwa miaka.

Mkataba peke yake unamfunga mwili. Japani wana chuo kikuu cha udaktari kinaitwa Jichi, kilianza 1972 kwa ajili ya vijijini hasa. Kila mkoa unachagua vijana wake wenyewe. Wanasomeshwa kwa mkopo wa ada, na mkopo unafutwa ukitumikia mkoa wako miaka kama 9, sehemu yake kubwa vijijini. Wengi wanamaliza mkataba na bado wanabaki mkoani kwao. Angalia walipoanzia: walichukua mtoto wa hukohuko. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili 2010 na kuuhuisha 2021, na la kwanza kabisa wanalosisitiza kwenye elimu ni hilohilo, chukua wanafunzi waliokulia vijijini. Wanasema pia usitegemee dawa moja, mambo yaende pamoja: nyumba, vifaa, wenzake kazini, nafasi ya kujiendeleza.

Sasa linganisha na kwetu. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara, uwe Upanga mjini Dar es Salaam, uwe milimani kwenye tope. Kama makato yale yangesimama au kupunguzwa kwa kila mwaka unaoutumikia kijijini, kijana angebaki na hela yake mwenyewe mfukoni, na mzee wetu asingehitaji kuuza viazi. Hilo lipelekeni kwa mbunge wenu, ni la kisera, halimalizwi na kamati.

Na swali kwako mzee: sekondari ya kata yenu ina maabara? Kuna watoto wangapi wanasoma sayansi hapo? Daktari atakayezeeka kwenye kituo chenu pengine sasa hivi yuko kidato cha pili.

Mkulima_Milimani

Nimechelewa kurudi, tulikuwa na mvua na mtandao ulikatika.

Tulikaa Jumapili baada ya ibada. Nilisoma majibu yenu kwa sauti, yote, hata lile la muuguzi, naye alikuwepo amekaa nyuma. Watu walinyamaza muda mrefu. Bibi mmoja akasimama akasema huyu binti ndiye aliyemshika mjukuu wake wa kwanza hadi wa tano, na hajawahi kumpelekea hata kuni. Azimio limebadilishwa. Viazi vya msimu huu ni vya nyumba mbili, ya daktari na ya muuguzi. Barua ya kumwombea akasome imeandikwa, na ya kitanda na jokofu la damu pia, nakala kwa diwani. Maabara sekondari haipo. Hilo sikuwa na jibu nalo mkutanoni, bado linanikaa kooni.

Daktari nimempigia. Ni binti. Nilipomuuliza kuhusu mwenza alinyamaza kwanza, nadhani hakutegemea. Mumewe ni mwalimu wa hisabati, yuko Tabora. Sisi hisabati hapa hatuna mwalimu mwaka wa pili sasa. Mtendaji anaandika barua leo mchana, mimi naishusha mjini kesho kwa basi la saa 11 alfajiri.

Fundi ameshabomoa dari la zamani. Mbao zilikuwa zimelowa mpaka ndani, unazivunja kwa vidole.