Nichukue nani wa mstari: Campbell, Membou, Banks au Booker?

SimbaWaArlington (Jumatatu, 21 Aprili 2025)

Wakuu salaam. Kwenye kundi letu la drafti ya NFL, ile siku timu za mpira wa Kimarekani zinapochagua kwa zamu vijana wa vyuo, kila mtu ana timu yake, na jina unatakiwa ulipeleke kabla ya Alhamisi jioni. Mwaka huu nimeamua kuchukua mtu wa mstari, wale wanaomlinda kwotabeki, mrusha mpira. Nimebakiza wanne: Will Campbell wa LSU, Armand Membou wa Missouri, Kelvin Banks wa Texas na Tyler Booker wa Alabama. Nimepitia vipimo vyao vyote vya Indianapolis, vijana wanakopimwa kabla ya drafti, na bado sijaamua. Campbell anajua kazi ila mikono mifupi. Membou ana mwili. Banks ana tuzo. Booker anasukuma watu kama trekta lakini mbio hana. Mngekuwa nyinyi mngemchukua nani?

Kipimo_Sahihi

Mkuu, timu gani? Unachagua wa ngapi? Na kundi lenu linahesabu nini, kubashiri jina sahihi au mchezaji atakavyokuja kucheza? Bila hayo kila mtu atakujibu kwa mapenzi yake. Halafu umechanganya kazi mbili. Teko anakaa pembeni mwa mstari, ubavuni kwake ni uwanja mtupu, na anayemkabili ni yule mpinzani hatari kuliko wote wanaomkimbiza kwotabeki. Gadi yuko ndani, ana mwenzake kulia na kushoto. Booker ni gadi. Huwezi kumweka mizani moja na Membou.

MamaNeema_Houston

Banks, na sina haja ya kujua timu. Miaka mitatu namtazama akishika pembe ya kushoto pale Texas, tangu mwaka wake wa kwanza chuoni. Msimu uliopita kabeba Outland na Lombardi zote mbili, tuzo za watu wa mstari wa vyuo. Tuzo hizo hazitolewi kwa huruma.

Kipimo_Sahihi

Dada, tuzo ni za chuo. Ukiniuliza mimi ni Membou: pauni 332 na yadi 40 kwa sekunde 4.91. Mtu wa uzito ule anayekwenda mbio zile humpati kila mwaka.

BakariWaBandari

Samahanini, mimi niko Mombasa, mchezo huu naufuata usiku usiku tu. Hii habari ya mikono mifupi ya Campbell ni nini? Mtu wa futi 6 na inchi 6 ana mkono mfupi kivipi?

Kipimo_Sahihi

Bakari, mstarini anayemwekea mwenzake viganja kifuani kwanza ndiye anayeamua mambo. Campbell alipimwa Indianapolis inchi 32 na sehemu tano za nane, baadaye chuoni kwao ikasomeka 33. Timu nyingi hazipendi teko aliye chini ya 33. Ndiyo maana wapo wanaosema aingizwe ndani awe gadi, kama walivyomfanya Zack Martin. Martin alikuwa teko wa kushoto pale Notre Dame, Dallas wakamchukua wa 16 mwaka 2014, wakamweka gadi wa kulia, akaingia timu bora ya ligi mara saba. Kastaafu mwaka huu.

MtotoWaKigoma

Ndugu zangu, hapa kwenye mikono nimeumia mwenyewe, niacheni niseme kwa urefu.

Nilitoka kambi ya Nyarugusu nikiwa na miaka 14, wazazi wakapangiwa Texas. Mpira nilioujua ni ule wa miguu. Nilipofika sekondari nilikuwa futi 6 na inchi 5, kocha akaniona kwenye korido, kesho yake nimevaa kofia ngumu. Wakaniweka teko wa kulia. Nilikaa kulia miaka mitatu mpaka mwili ukazoea: mguu wa kushoto unasukuma, wa kulia unafungua njia, unarudi kinyumenyume kama mtu anayefunga geti taratibu.

Akaja mtu wa chuo kimoja kidogo. Akanisimamisha ukutani na futi ya fundi cherehani, akapima mkono: inchi 35. Akaandika, akacheka kwa furaha, akanishika bega. Video hakuomba hata moja. Nilipofika kule wakanihamishia kushoto, kwa sababu "mkono kama huu ni wa kushoto".

Mechi ya tano tulikutana na kijana mfupi, simfikirii kama alizidi pauni 230. Mguu uliotakiwa kusukuma sasa ni wa kulia, na wangu ulikuwa unachelewa. Kwa kuwa unachelewa, nilikuwa nafungua bega mapema ili nimuwahi. Yule kijana alikwisha kuliona. Alikuwa anasubiri ninyooshe ule mkono wangu mrefu, anaupiga kiwiko kwa chini, anapita ndani. Mara ya kwanza kwotabeki wetu akaanguka. Mara ya pili akaangusha mpira. Mara ya tatu nilisikia analia nyuma yangu, kifundo cha mkono kimevunjika. Tulikuwa tunaishi bweni moja. Wiki sita nilimfunga kamba za viatu.

Kocha aliniambia sina moyo. Mwaka mzima hakuna aliyenirekebisha mguu. Msimu wa pili ulipoisha niliacha.

Kwa hiyo Simba, vipimo vifunge. Fungua video, usitazame mpira, tazama miguu ya mtu wako tu. Mpira unapotolewa, mguu gani unatoka kwanza? Akipigwa kiwiko anarudisha kiganja kwa haraka gani? Na uulize: timu hii itamchezesha upande aliouzoea au itamhamisha?

MamaNeema_Houston

Pole sana mdogo wangu. Na huyo kijana wa mkono yuko salama?

MtotoWaKigoma

Yuko salama dada, ana watoto wawili. Tunapigiana simu.

SimbaWaArlington

Asante kaka, nimesoma mara mbili. Kipimo, samahani, hukosei: timu yangu ni Dallas, nachagua wa 12. Na pointi zetu ni mechi ambazo mchezaji ameanza ndani ya misimu miwili ya kwanza. Kila mmoja katoa dola 50.

Kipimo_Sahihi

Sasa hayo ndiyo ya kusema mwanzo! Wa 12, Membou na Campbell wafute, timu za mbele yenu zitakuwa zimeshawachukua. Banks labda. Na Dallas pengo lao ni gadi wa kulia, mahali pa Martin. Kushoto ndani yupo Tyler Smith. Booker ataanza wiki ya kwanza kama ni mzima, na pointi zenu ni mechi za kuanza.

MtotoWaKigoma

Lakini Booker kule Alabama msimu uliopita alikuwa gadi wa kushoto. Watamvusha kulia. Ndicho nilichokisema.

Kipimo_Sahihi

Wapo wanaovuka. Tyron Smith alitoka USC akiwa teko wa kulia, mwaka wa pili Dallas wakampeleka kushoto na akawa ukuta miaka yote ile.

MamaNeema_Houston

Na Tyler Guyton je? Naye alikuwa wa kulia Oklahoma, wakamweka kushoto mwaka jana, tuliona wote alivyohangaika. Na huyo Booker yadi 40 kwa sekunde 5.38! Banks kakimbia 5.16.

Kipimo_Sahihi

Gadi anakimbia yadi 40 lini? Hatua tatu za kwanza ndizo kazi yake. Mwangalie Booker anavyowasubiri wapinzani wanaobadilishana njia mbele yake ili wamchanganye, kichwa hakizunguki.

ZamaniRagbi

Mimi nashangaa mnabishana vyuo tu. Jordan Mailata hakuwa amecheza mchezo huu hata mara moja, katoka ragbi Australia, Philadelphia wakamchukua raundi ya saba mwaka 2018. Leo ni teko wa kushoto na pete ya ubingwa anayo. Kakamega na Nairobi kuna vijana wa miili ile wamejaa kwenye ragbi.

BakariWaBandari

Daniel Adongo si alitoka huko huko kwenye ragbi akaenda Indianapolis? Mkenya wa kwanza kucheza NFL, 2013.

ZamaniRagbi

Naam, ila wao walimweka kukimbiza kwotabeki. Mimi naamini angefundishwa mstari tangu mapema angedumu. Nina mpwa wangu ana miaka 17, pauni 270, mguu mwepesi. Kigoma, ukipata nafasi nitumie yale mazoezi ya miguu.

MtotoWaKigoma

Nitakutumia kesho nikitoka kazini. Mwanzo asinyanyue vyuma, aruke kamba, halafu ajifunze kurudi nyuma pande zote mbili, kushoto na kulia sawasawa.

SimbaWaArlington

Nimeangalia Booker nusu mechi, natazama miguu tu kama ulivyosema. Mguu wake wa kulia unasukuma vizuri, wa kushoto sijauona ukisukuma hata mara moja. Usiku huu naangalia Banks.

BakariWaBandari

Alhamisi inaanza saa ngapi?

MamaNeema_Houston

Huku Texas saa moja jioni, kwenu Mombasa saa tisa usiku kuamkia Ijumaa. Simba, andika Banks ulale.