Likizo ya Desemba: rede, kombolela, mdako au tiara? Tulinganishe

MamaTegeta, Jumamosi, saa 2:40 asubuhi

Habari zenu wadau. Shule zimefungwa na nina watoto watatu nyumbani: wa kike miaka 11, wa kiume miaka 8, na kitindamimba wa miaka 5. Ukiongeza wa majirani wanafika tisa, kumi. Wiki nzima ya kwanza imeishia kwenye katuni na simu yangu. Jana nikazima televisheni, nikawaambia tokeni nje mkacheze. Wakatoka. Baada ya dakika kumi nawakuta barazani wamejiinamia. Namuuliza mkubwa mbona hamchezi, akanijibu, "Mama, tucheze nini?" Swali lile limenikaa moyoni. Mimi nimekulia Magomeni, hapa hapa Dar, na sikumbuki hata siku moja kumuuliza mama yangu hivyo.

Sasa nataka kuwafundisha. Mbele ya nyumba kuna mchanga mtupu, kama hatua ishirini kwa kumi na tano, mwembe mmoja wenye kivuli kizuri, halafu barabara ya vumbi inayopitwa na bodaboda. Nimefikiria michezo minne: rede, kombolela, mdako na tiara (kishada). Mngeanza na upi, na kwa nini? Jua la mwezi huu mnalijua. Na huyu wa miaka 5 nisingependa aachwe pembeni akitazama wenzake.

BintiWaRede, Jumamosi, saa 3:05 asubuhi

Dada, rede. Eneo lako linatosha kabisa. Wawili wanasimama huku na huku, hatua kumi na mbili hivi kati yao, waliobaki wanaingia katikati kukwepa mpira. Sisi tulicheza ile ya chupa: aliye katikati anajaza mchanga kwenye chupa ya maji huku wenzake wanamrushia. Ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Hapo ndipo utamu ulipo, maana mtu akiinama kuchota mchanga ndipo mpira unapokuja, lazima ajue lini achote na lini akimbie.

Mpira usinunue. Chukua soksi kuukuu, shindilia vipande vya godoro na vitambaa mpaka iwe ngumu kiasi, shona mdomo. Mpira wa dukani unaumiza, na ukiruka barabarani mtoto anaufuata bila kuangalia. Wa soksi unaangukia palepale. Wapangie kuanzia mwanzo kwamba kupiga ni kuanzia mabegani kushuka chini. Atakayepiga kichwa anatoka yeye.

MamaTegeta, Jumamosi, saa 3:20 asubuhi

Asante mdogo wangu, hapo kwenye mpira wa soksi umenigusa. Lakini huyu mdogo katikati si atapigwa mara ya kwanza tu na kukaa nje mchezo wote?

BintiWaRede, Jumamosi, saa 3:31 asubuhi

Kweli, huo ndio udhaifu wa rede. Mwenye mbio na shabaha anatawala, wadogo wanakaa nje muda mrefu. Sisi mdogo tulimpa nafasi tatu, wakubwa moja. Inasaidia, ila haimalizi tatizo.

Nesi_wa_Watoto, Jumamosi, saa 4:10 asubuhi

Mimi nafanya kazi wodi ya watoto, naomba niwaombe kitu kimoja: kabla ya kuchagua mchezo chagueni saa. Dar mwezi huu mchana joto linafika nyuzi 31, 32, na kwa unyevu wa pwani jasho halikauki mwilini. Jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana mtoto anayekimbia saa saba mchana Dar anachoka vibaya kuliko anayekimbia kwenye joto hilo hilo Dodoma.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili, zile za kuhema na moyo kwenda mbio. Hizo unazipata zote kabla ya saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Mchana wakae kivulini na mchezo wa kukaa.

Maji wape kila baada ya nusu saa kidogo kidogo, msisubiri aseme ana kiu, maana mtoto aliyenogewa na mchezo hasemi. Akianza kulalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, au yule mwenye kelele akanyamaza ghafla, mtoe, mkalishe penye upepo, mpunguzie nguo, mfute mwili kwa kitambaa cha maji. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, hospitali mara moja.

MzeeWaRaskazone, Jumamosi, saa 5:48 asubuhi

Nawasalimu kutoka Tanga. Nesi ameongea maneno ya maana, na mimi nitasimama upande wa kombolela kwa sababu hiyo hiyo: ni mchezo wa jioni kwa asili yake.

Kwa wasioujua: kopo lenye kokoto ndani linawekwa katikati ya uwanja. Mmoja analipiga teke liende mbali, na aliyeangukiwa na zamu ya kutafuta analifuata na kulirudisha mahali pake wakati wenzake wanajificha. Akimwona mtu anakimbilia kopo, analigusa na kumtaja jina, na huyo ameshikwa, anakuja kusimama pembeni. Lakini mmoja aliyebaki mafichoni akiwahi kulipiga kopo kabla hajaonekana, wote walioshikwa wamekombolewa, na mtafutaji anaanza upya. Jina lenyewe ndilo hilo, kukomboa.

Sasa binti, tazama jambo hili. Kwenye rede aliyetoka ametoka. Kwenye kombolela aliyeshikwa bado yumo, macho yake yako vichakani anamtafuta wa kumkomboa. Hakuna anayekaa nje kwa huzuni. Na mtoto mdogo ana faida: anajificha nyuma ya ndoo, mtafutaji anamsahau, kisha anatokea. Mimi nimeona mtoto wa miaka sita akiwakomboa wakubwa saba. Wiki nzima alitembea kifua mbele.

MamaTegeta, Jumamosi, saa 6:15 mchana

Shikamoo mzee wangu. Maelezo yako yamenirudisha nyuma miaka thelathini. Hofu yangu ni mbili: barabara, na giza.

MzeeWaRaskazone, Jumamosi, saa 6:40 mchana

Marahaba mwanangu. Hofu zako ni za haki. Kabla ya mchezo wa kwanza zunguka nao eneo zima kwa miguu. Waonyeshe mipaka: huu mwembe, ule ukuta, basi. Nyumba ambazo hazijaisha kujengwa, marufuku. Karo za maji machafu zisizo na mfuniko, matangi, magari yaliyoegeshwa, marufuku. Aliyevuka mpaka ndiye anayetafuta raundi inayofuata. Watoto watalindana wenyewe kwa sababu hakuna anayeipenda zamu ya kutafuta. Na jua Dar siku hizi linatua kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, kwa hiyo mkianza saa kumi na moja mna muda mrefu wa mwanga. Adhana ya Magharibi ikilia, kila mtu kwao.

BabaUmoja, Jumamosi, saa 7:02 mchana

Niko Nairobi, mtaa wa Umoja. Hiyo rede yenu huku ni kati. Sisi tunaoishi kwa ploti hatuna uwanja wa hatua ishirini, tuko na korido na mahali pa kuanika nguo. Kwa hivyo mimi nawaongezea wa tano: bladda. Unakata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe vipande vyembamba, unaunga mpaka ipate urefu wa kutosha watu wawili. Wawili wanasimama ndani yake ikiwa kwenye vifundo vya miguu, wa tatu anaruka kwa mpangilio. Akimaliza bila kukosea inapanda magotini, halafu kiunoni.

Watoto watatu tu wanatosha. Binti yako wa miaka 11 ataupenda. Wavulana wangu mwanzoni walisema ni ya wasichana, nikaingia nikaruka mimi mwenyewe, siku iliyofuata walikuwa kwa foleni. Kwa mtoto wa miaka 5, bladda iache kwenye vifundo, hiyo anaweza.

Ummu_Salma, Jumamosi, saa 8:30 mchana

Assalaam aleikum. Niko Maskati, Oman, kwetu asili Unguja. Nyinyi mnalia na nyuzi 32! Huku kiangazi ni Juni mpaka Agosti, nyuzi 40 zinapita, na likizo ya skuli imeangukia miezi hiyo hiyo. Serikali inakataza kazi za nje kwenye jua baina ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana miezi hiyo mitatu. Kama mtu mzima wa kazi anatolewa juani, mtoto je? Wanaojaaliwa huenda Salala, kusini mwa nchi, kule miezi hiyo kuna manyunyu na majani ya kijani. Sie tuliobaki watoto wanatoka baada ya Isha.

Kwa hivyo mimi ni mtu wa mdako, na naona hapa hamjautendea haki. Shimo dogo, kokoto kumi hadi ishirini. Unarusha moja juu, kabla haijashuka umezoa za shimoni kwa mkono ule ule na kuidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote unabakisha moja nje, hiyo yako. Zikimalizika kwa moja moja unaanza za mbili mbili. Ukishindwa kudaka, au ukabakisha isivyo, zamu imekwenda. Nyumba zetu huku ni marumaru, hatuna pa kuchimba, basi tunachora duara kwa chaki na mambo yanakwenda. Mtoto anajifunza hesabu bila kujua kuwa anasoma. Bibi yake anacheza naye akiwa amekaa juu ya jamvi. Mchezo gani mwengine katika hiyo orodha bibi anaweza kucheza?

Fundi_Tiara_Bagamoyo, Jumamosi, saa 10:15 jioni

Nimeona tiara hamjaigusa, na mimi ndiyo mapenzi yangu. Ila nitasema ukweli: kwa pale kwako, dada, usianze nayo. Tiara moja inashikwa na mtoto mmoja, tisa wanasubiri. Mwembe utaila. Na kama kuna nyaya za umeme karibu, hapana kabisa. Tiara ikinasa kwenye waya iachwe huko huko, mtoto asipande kuifuata wala asiivute kwa fimbo.

Ifanye iwe siku maalumu ya ufukweni. Kaskazi imeanza na itavuma mpaka kwenye Machi, upepo wa kutosha alasiri. Nenda maji yakiwa yamekupwa, mchanga unakuwa mpana na mgumu kukimbilia. Saa ya kupwa inasogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo ulichokiona Jumapili iliyopita si cha leo, waulize wavuvi. Maji yakianza kujaa ondokeni, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe kutazama bahari tu.

Kutengeneza ni nusu ya raha. Njiti mbili za chelewa zilizonyooka, gazeti, gundi ya uji wa unga wa ngano, mkia wa vitambaa. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini ile ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na gazeti linaruka vizuri tu likiwa kavu. Tiara ikizungukazunguka, ujue mkia ni mfupi mno. Ikigoma kupanda, mkia ni mzito mno. Waache wagundue wenyewe.

Mkaazi_Mbezi, Jumamosi, saa 11:20 jioni

Kwa nini msiwapeleke tu kwenye bustani za kulipia? Kuna bembea, yale mapulizo ya kurukia, bwawa, na walinzi.

BintiWaRede, Jumamosi, saa 11:34 jioni

Kaka, siku moja sawa. Likizo ni wiki kadhaa, na watoto ni kumi, saba si wake. Utamlipia nani umwache nani?

MamaTegeta, Alhamisi, saa 2:15 usiku

Wadau, narudi na majibu kama nilivyowaahidi wenye kuniuliza pembeni.

Rede tumecheza asubuhi nne, saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu. Mpira wa soksi umedumu, nimeushona mara moja tu. Siku ya kwanza ilibidi nicheze mimi, kwa sababu kumwelekeza mtoto rede kwa maneno haiwezekani, lazima aone mtu anakwepa. Siku ya pili hawakunihitaji. Wa miaka 8 ndiye bingwa. Mdogo, hata kwa nafasi tatu, alilia mara mbili, nikamfanya mshika chupa wa kuhakikisha imejaa.

Mchana, mdako chini ya mwembe. Ummu Salma, Mungu akulipe. Mama yangu amekuja kututembelea Jumatatu, akaona wanachimba shimo, akasema shimo gani hilo, kina kirefu kama la choo. Akachimba lake. Tangu siku hiyo watoto wa jirani wanamjia yeye, mimi hawaniulizi. Bladda nimekata tyubu, bado hatujaanza. Tiara Jumapili.

Kombolela ndiyo iliyowakamata. Mipaka tulizunguka kwanza kama mzee alivyosema, na tukakuta karo la jirani halina mfuniko, ambalo mimi nimepita karibu yake mwaka mzima bila kuliona. Limefunikwa sasa. Jana jioni kitindamimba wangu alijificha nyuma ya beseni la nguo, wakamsahau, walioshikwa wako sita. Akatoka mbio, akalikosa kopo teke la kwanza, akalipiga la pili. Kelele zilizopigwa pale zilimtoa mama ndani.

Mzee wangu wa Tanga, nina swali moja limeleta ubishi. Kopo likipigwa na mtafutaji akawa ameligusa wakati huo huo, nani ameshinda?

MzeeWaRaskazone, Alhamisi, saa 2:50 usiku

Kwetu, kokoto zikilia kabla jina halijatajwa, wamekombolewa wote. Mwambie mdogo huyo babu yake wa Tanga amesema.