Korongo taji na shamba la bondeni: nani ahame?

Wanajamvi, salamu. Hoja inayozunguka huku kwetu magharibi mwa Kenya ni hii: je, wakulima waondolewe kwenye ardhi oevu ili korongo taji apone? Ni yule ndege mwenye taji la manjano aliye kwenye bendera ya Uganda. Wanyarwanda humwita umusambi. Tangu 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Wengine wanasema tuweke uzio, watu watoke. Wengine wanajibu kwamba ndege hawajazi sufuria, na kiangazi kikikaza ni bonde linalotoa nduma na sukumawiki. Mimi karo yangu ililipwa na nduma za mama, kwa hiyo wa kufurusha watu msinihesabu. Ila na hawa wa pili sikubaliani nao.

Anayemmaliza korongo ni mfereji, si jembe. Korongo taji hutaga chini, ndani ya maji. Hukanyaga mafunjo na nyasi, akayalundika mpaka yakawa kama jukwaa, juu yake mayai mawili au matatu, mara nyingine manne. Yale maji ya magotini ndiyo ukuta wake: mbwa haingii, ng'ombe hapiti, mtoto anayechunga anaogopa kuzama. Sasa chimba mfereji katikati ya kinamasi, kisha panda kando yake mikaratusi inayonyonya maji. Baada ya misimu michache unafika kwenye kiota bila kulowa viatu. Niliwahi kukiona kimoja nyuma ya shamba letu. Mafunjo yamekauka, nyayo za mbwa zimekizunguka, na vipande vya ganda la samawati hafifu vimetawanyika. Wazazi walisimama ng'ambo ya mfereji wakilia. Jioni nilirudi, bado wako palepale.

Wanaotaka watu watolewe wanapenda kuitaja Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Ni mfano mzuri, ila usimuliwe wote. Kinamasi kile kilikaushwa kwa ajili ya kilimo, maji ya Ziwa Burera yakashuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mitambo ya umeme ya Ntaruka ikapungukiwa maji, nchi ikaingia kwenye mgao. Serikali ikapiga marufuku kilimo na mifereji, maji yakarudi. Lakini mzigo ule waliubeba waliokuwa wakilima humo. Hilo nisingependa lirudiwe kwetu.

Kuna aliyeandika kwamba shida ni wanaokamata korongo kuwafuga, wakulima wanasingiziwa. Hapo amegusa jambo kubwa. Rwanda korongo waliokuwa mapambo kwenye bustani za hoteli na majumba walikusanywa; wazima walipelekwa kwenye hifadhi ya Akagera, na wale waliokatwa mabawa wasiweze tena kuruka wakapewa makao Umusambi Village, Kigali. Sensa ya 2017 ilihesabu korongo 487 nchi nzima, na miaka michache baadaye wakapita 1,000. Lakini ndege aliyeachiwa huru anahitaji mahali pa kutagia, kwa hiyo tunarudi bondeni.

Halafu kuna sumu, ambayo watu hawapendi kuitaja. Mahindi yakianza kuchipua, korongo hushuka kwa kundi na kung'oa punje. Jirani yetu mmoja alimwaga mahindi yaliyotiwa dawa. Asubuhi tuliwakuta wanne kwenye mistari, mabawa wazi. Si mtu katili. Alikuwa anapanda kwa mara ya pili msimu uleule, na mbegu alikopa. Angekuwa na kijana wa kumlindia shamba mpaka mahindi yakomae kidogo, asingefika huko.

Msimamo wangu basi: mifereji ya katikati izibwe, mikaratusi ing'olewe, anayelima ukingoni aachwe alime. Vijana wa kulinda mahindi machanga walipwe na kaunti, maana korongo ni wa nchi nzima na si haki bili apelekewe mtu wa robo ekari.

Nataka kuwasikia hasa wenye mashamba bondeni. Mkihakikishiwa kwa maandishi kwamba ukingo unabaki wenu, mtakubali kuuziba ule mfereji? Na ninyi wa uzio: mama yangu mngempeleka wapi?